Pesa ya madini ifike mkononi kabla ya mvua: barua ya wazi kwa wanaogawa asilimia 0.3 ya Lualaba

Kwa wajumbe wa vyombo vinavyosimamia fungu la jamii la makampuni ya madini katika jimbo la Lualaba, kwa viongozi wa sekta na sheferi zetu, na kwa Mama Gavana

Waheshimiwa, wapapa na wamama,

Kazi yenu si nyepesi. Kila mwaka mnaletewa maombi mengi kuliko fedha iliyopo: madarasa, visima, zahanati, daraja, soko, trekta. Nami leo naongeza moja. Naomba nusu ya fungu la mwaka mmoja, kwa kuanzia katika vijiji vichache vya wakulima, ipelekwe moja kwa moja mkononi mwa familia kwa njia ya simu, kila familia kiasi kile kile, bila kuipangia namna ya kuitumia.

Sheria Na. 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kanuni ya Madini, iliwapa ninyi kitu ambacho wazee wetu wa enzi ya makampuni ya Union Minière na Gécamines hawakukijua: haki ya jamii iliyoandikwa kwa tarakimu. Kila kampuni inayochimba inatakiwa itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na fungu hilo lisimamiwe na chombo ambamo watu wa kampuni na watu wa vijiji wanakaa meza moja. Mbali na hilo kuna mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi au komuni ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ninyi mnazijua hesabu hizi usiku na mchana. Wakulima wengi wa sekta ya Luilu hawajawahi kuzisikia, na ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani badala ya kuleta bahasha ofisini.

Tupige hesabu kidogo. Kampuni ikiuza shaba na kobalti ya dola bilioni 1 kwa mwaka, asilimia 0.3 yake ni dola milioni 3. Nusu ya hiyo ni milioni 1.5. Kila familia ikipata dola 300 kwa mwaka, mmefikia familia 5,000. Toeni gharama ya kuandikisha watu na ya kutuma, bado zinabaki zaidi ya 4,000. Na hapo tumehesabu kampuni moja tu, na nusu tu ya fungu lake.

Sasa mtaniuliza: kwa nini pesa? Kwa nini tusiwape mbegu, au mbolea, au majembe, kama tulivyozoea?

Shukeni barabara ya Mutshatsha mwezi wa Januari, mvua ikiwa imeshika. Mtaona mashamba ya mahindi yaliyofunikwa na magugu mpaka kiunoni, na wenyewe hawamo. Mpita njia atasema hawa ni wavivu. Kumbe wako kwenye shamba la mtu mwingine, wanapalilia ili walipwe meka, kipimo cha sokoni, ya unga. Akiba yao ya mahindi iliisha Desemba, na mavuno mapya ni Aprili. Miezi hii minne ndiyo inayoamua mwaka mzima, kwa sababu ndiyo miezi ambayo mahindi yanataka jembe, na ndiyo miezi ambayo tumbo halina kitu. Mtu anaacha shamba lake ili ale leo, na kwa kuliacha anajiandalia njaa ya mwaka unaofuata.

Mama mmoja wa huko alinitembeza katika shamba lake karibu na wakati wa kuvuna. Upande wa juu mahindi yalikuwa marefu, majani ya kijani kibichi, kila shina na gunzi lake lililojaa. Upande wa chini yalikuwa mafupi na ya manjano, yamesongwa na majani, na magunzi yake yalikuwa na punje za hapa na pale. Katikati ulikuwapo mstari, umenyooka kabisa, kutoka kichuguu mpaka kwenye mwembe. Nilidhani ni mpaka wa mashamba ya watu wawili. Akanionyesha kwa kidole na kusema: "Hapa njo bunga bulisha." Alikuwa amepalilia mpaka pale, unga ukaisha, akaenda kulima kwa watu. Mbegu ilikuwa ile ile na udongo ule ule. Upande wa chini ulikosa siku zake kumi na mbili au kumi na tano tu, na hizo aliziuza kwa bei ya chakula cha watoto.

Mbolea isingemwokoa. Mwenye mfuko wa mbolea na watoto wenye njaa atauza mbolea, na mnunuzi akijua kuwa kuna njaa nyumbani atampa nusu ya bei. Mbegu bora nazo, kama zitafika mwisho wa Desemba kama zinavyofika mara nyingi, zitaliwa au zitaoza. Mama yule alihitaji unga wa wiki mbili katika wiki zile zile, na hakuna ofisi ya Kolwezi ambayo ingeweza kujua ni wiki zipi. Yeye alijua. Jirani yake pengine alihitaji kitu kingine: kulipia dawa, kununua baiskeli ya kupeleka mihogo sokoni, au kukataa kumuuzia mfanyabiashara mahindi yakiwa bado shambani. Hilo la mwisho mnalijua. Mahindi yanauzwa Mei yakiwa rahisi, na Januari familia ile ile inanunua unga uliotoka Zambia kwa bei inayopanda kila mpaka wa Kasumbalesa unapoyumba. Mwaka 2023 tulilia wote, mjini na kijijini, lori za unga zilipopungua. Mkulima anayenunua unga wa bukari, yaani ugali, wa nchi nyingine huku ardhi yake iko nyuma ya nyumba: hilo linapaswa kutukosesha usingizi.

Wanaume wa familia hizi wanakwenda wapi miezi hiyo? Wanakwenda kuchimba. Wengine wanachoma makala, lakini wengi wanashuka mashimoni, wanapeleka mifuko kwa wanunuzi wa soko la madini la Musompo, na wake zao na watoto wanasafisha mawe mtoni. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya shule ya msingi ni bure, na lilikuwa jambo jema. Hata hivyo daftari si bure, yunifomu si bure, na mtoto anayebeba ndoo ya mawe analeta unga jioni ile ile. Tumeweka mabango mengi ya kukataza watoto migodini. Mzazi asiyejua kusoma bango anajua kuhesabu meka, na mzazi anayejua kusoma anahesabu vilevile.

Na shimo lenyewe si la kutegemewa. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi. Katazo likaongezwa mwezi wa Juni, na kuanzia Oktoba ukaja utaratibu wa kugawiwa viwango, tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hicho hicho kwa 2027. Silaumu uamuzi huo. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ina haki ya kulinda bei yake. Lakini mchimbaji wa mkono hakuwa na ghala la kungojea bei. Aliporudi kijijini mikono mitupu, Machi ilikuwa imefika, na wakati wa kupalilia ulikuwa umepita.

Naja kwenye ushahidi, maana najua mezani kwenu wapo watu wa hesabu, na wana haki ya kudai zaidi ya mashamba mawili matatu niliyoyaona.

Kule Siaya, magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, shirika la GiveDirectly liligawa pesa kati ya mwaka 2014 na 2017, na wachumi wakafuatilia matokeo kijiji kwa kijiji. Vijiji vilikuwa 653, na familia zilizopokea zilizidi 10,000. Kila moja ilipata takriban dola 1,000 kwa M-Pesa, kwa awamu tatu. Waliochaguliwa walikuwa wenye nyumba za kuezekwa kwa nyasi. Familia zilizopokea zilikula vizuri zaidi, zikanunua vitu vya nyumbani, zikarekebisha makao. Hayo yalitarajiwa. Kilichowashangaza wengi ni majirani ambao hawakupata hata senti. Nao maisha yao yalipanda karibu sawa na ya waliopata, kwa kuwa aliyepokea alimwita fundi, alinunua kwa muuza duka, alimlipa kibarua. Kila dola 1 iliyoingia ilizaa takriban dola 2 na nusu katika uchumi wa eneo. Bei za sokoni, ambazo kila mtu aliogopa zingeruka, zilipanda kwa kiasi kidogo mno, sehemu ya kumi ya asilimia moja. Uchunguzi wa baadaye, uliotolewa mwaka 2025, ulirudi kuhesabu watoto: vifo vya watoto wachanga chini ya mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu katika familia zilizopokea. Mama aliyekaribia kujifungua aliweza kupumzika na kula, na aliweza kufika hospitali.

Someni tena sentensi hiyo ya watoto, wapapa na wamama. Sijui mradi wa saruji katika jimbo letu unaoweza kudai hivyo.

Utafiti mwingine wa mwanzo zaidi, uliofanyika Rarieda, huko huko Siaya, ulitazama swali ambalo najua liko mdomoni mwenu: pombe. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Ulionyesha na jambo jingine linalotuhusu sana: waliopokea kidogo kidogo kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliopokea kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, hasa mabati na mifugo. Kwa hiyo namna ya kulipa si jambo dogo. Inaamua pesa itafanya kazi gani.

Tanzania nao wana TASAF, ambayo tangu mwaka 2012 imejenga mpango wa kunusuru kaya maskini na kufikia kaya zaidi ya milioni 1. Wao waliweka masharti: watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki. Kwetu nisingeyaweka. Msimwadhibu mama kwa kutofika kliniki iliyo mbali kwa mguu na isiyo na dawa akifika. Na hapa hapa Kongo si jambo geni: mwaka 2021, wakati wa korona, pesa zilitumwa kwa simu kwa familia za vitongoji maskini vya Kinshasa. Kama iliwezekana Kinshasa, Lualaba, inayoilisha hazina ya taifa, haiwezi kushindwa.

Lakini Siaya si Luilu, na sitaki mniamini kupita kiasi. Siaya ina barabara, ina masoko ya karibu, wafanyabiashara wanafika na mizigo yao. Kwetu mvua ikikata barabara, kijiji kinakuwa kisiwa. Pesa ikimwagika wakati huo na unga hauingii, bei itapanda kweli na maskini ataumia. Ndiyo maana napendekeza malipo mawili. La kwanza Septemba, barabara zikiwa kavu, ili watu wanunue mbegu na mbolea na hata unga wa akiba. La pili mwanzo wa Januari, ili mikono ibaki shambani. Dola 150 na dola 150. Na tangazo litolewe mapema, Julai, ili wenye maduka na malori wajue kwamba vijiji fulani vitakuwa na fedha, wajipange kufika.

Sasa niseme juu ya kizuizi kikubwa zaidi, ambacho hakimo katika vitabu vya wachumi bali katika kumbukumbu ya mji wetu. Ukitaja Kolwezi habari ya kuwapa watu pesa mkononi, mzee yeyote wa cité atakujibu: tuliona départ volontaire.

Ni kweli, tuliona. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines, ikiwa imeanguka, iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa na miaka 25 na zaidi kazini, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Walisaini barua ya kuondoka kwa hiari, wakapewa mkupuo. Hadithi inayosimuliwa mpaka leo ni ya papa aliyenunua gari bovu, au aliyeoa mke wa pili, au aliyewanywesha marafiki mtaa mzima, na baada ya mwaka akawa hana kitu. Hadithi hiyo imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama ushahidi mahakamani dhidi ya maskini wote.

Naipinga kwa moyo wote. Watu wale walikuwa wanadai mishahara ya zaidi ya miaka miwili. Mkupuo waliopewa ulikuwa mdogo kuliko walichodai, na kuupokea kulimaanisha kuachana na dai. Siku ile ile walipoteza pia hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, mgao wa unga, mahali pa kuitwa mtu. Sehemu kubwa ya pesa ililipa madeni ya miaka ya njaa kabla haijafika nyumbani. Wengi walikwenda kujaribu kulima, watu ambao tangu ujana walijua mashine na tanuri, bila mtu wa kuwaonyesha. Papa wa gari bovu alikuwapo, sikatai, lakini kulikuwa na mamia waliolipa ada za watoto mpaka senti ya mwisho, na hao hakuna anayewasimulia. Yale yalikuwa malipo pungufu ya deni yaliyopewa jina la msaada.

Na baada ya hapo? Mwaka 2017 familia za sehemu ya Kasulo zilihamishwa kwa sababu kobalti ilikuwa chini ya nyumba zao. Zikapewa fedha au nyumba pengine. Katika mtaa wa Cité Gécamines nyumba zimekuwa zikipisha mgodi, na Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walichapisha ripoti iliyoonyesha jinsi familia zilizolipwa zilivyoshindwa kupata nyumba zinazolingana na walizoziacha. Tazameni mfululizo huu. Katika mji wetu pesa ya mkononi imekuja siku zote kama bei ya kuondoka: ondoka kazini, ondoka nyumbani, ondoka shambani. Haijawahi kuja kwa mtu ikamwambia abaki pale alipo, alime, na watoto wake wakae. Hatujaijaribu hata mara moja, halafu tunasema tumeijua.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba jambo moja liandikwe kwa wino mzito katika mpango wenu: pesa hii isigeuzwe kuwa fidia. Kampuni isije ikachukua shamba la mtu ikasema alishapokea dola 300. Fidia ya ardhi ina sheria yake na kiasi chake. Vivyo hivyo maji yaliyochafuliwa yana mwenye kuyasafisha. Mama akipokea pesa yake ya Januari, haki yake ya kulalamika juu ya mto ibaki nzima.

Kuhusu wizi, nizungumze bila kuficha, maana mfano upo na ni wa nchi yetu. GiveDirectly hao hao niliowasifu kwa Siaya walipofanya kazi Kivu Kusini, kati ya mwaka 2022 na mwanzo wa 2023 waliibiwa takriban dola 900,000, na miongoni mwa walioiba walikuwa wafanyakazi wao wenyewe. Mlango ulikuwa laini za simu: wale wale waliokuwa wakiandikisha familia ndio waliokuwa wakishughulika na laini, na pesa ikaingia kwenye laini zilizokuwa mikononi mwao. Shirika lilitangaza lenyewe hadharani. Mimi sioni hapo sababu ya kuacha. Nyumba ngapi za shule zimelipwa hapa mara mbili na bado hazina milango? Pesa iliyopotea Kivu ilijulikana kwa sababu kila familia ilikuwa na kiasi kinachojulikana na siku inayojulikana, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kuuliza "yangu iko wapi?" Kwenye jengo hakuna anayejua saruji mifuko mingapi ilipaswa kuingia ukutani.

Tujifunze kutoka kwao. Anayeandika majina asiguse laini, na anayetoa laini asiguse majina. Laini isajiliwe kwa jina la mama wa nyumba, naye mwenyewe awepo. Majina yasomwe kwa sauti mbele ya kanisa na mbele ya shule, na kiasi kiandikwe ukutani kwa rangi, ili mtoto aliye darasa la pili aweze kumsomea nyanya yake. Penye mtandao, watu wachukue kwenye kabine, yaani kwa wakala wa pesa za simu. Pasipo mtandao, itangazwe siku ya soko na watoaji wafike na fedha taslimu, chini ya mti, watu wote wakiona. Na kwa machifu wetu nasema kwa heshima yote ninayowapa: msidai matabishi, yaani bahashishi. Mama akitoa faranga kwa kila anayemsindikiza, atakapofika nyumbani msaada utakuwa umewalisha wasindikizaji. Gharama yenu ya kusimamia iwekwe wazi katika bajeti, mlipwe kihalali.

Mtaniuliza tumchague nani. Jibu langu ni kijiji kizima, kila kaya, mwenye bati na mwenye nyasi. Najua baadhi yenu mtasema pesa itapotea kwa wasio maskini sana. Katika vijiji vya hapa tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho ni mbuzi wawili na paa moja. Lakini tofauti ya aliyepewa na aliyenyimwa inaweza kuvunja kijiji. Tumeshuhudia mtu akituhumiwa uchawi kwa sababu tu mambo yake yamenyooka ghafla, na wanaotuhumiwa kwanza ni wajane na wazee, wale wale ambao orodha yoyote ya maskini ingewaweka juu. Wakipata wote, siku moja, kiasi kimoja, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Na nikisema kila kaya, nina maana ya kila anayekaa pale. Hili ni gumu kwetu na lazima lisemwe. Mwaka 1992 na 1993 tulifukuzana hapa. Watu wa asili ya Kasai, wengine waliozaliwa Kolwezi na kuzaa Kolwezi, walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walifia njiani. Leo maneno ya wenye nchi na wageni yanarudi kila mara fedha inapotajwa. Fungu hili likigawiwa kwa asili ya mtu, Msanga kwanza, Mlunda kwanza, Mkasai nje, itakuwa afadhali lisigawiwe kabisa. Orodha iulize swali moja: je, unalala hapa na kulima hapa? Basi.

Kuhusu kwa nini mama na siyo papa: sina ugomvi na wanaume wenzangu. Papa wengi wanaondoka Januari kwenda kuchimba, na mama ndiye anayebaki na jembe na watoto. Pesa ikae panapokaliwa. Penye mke zaidi ya mmoja, kila nyumba ihesabiwe peke yake.

Limebaki la akiba. Asilimia 0.3 inatokana na mauzo, na mauzo yakisimama, kama yalivyosimama ya kobalti mwaka 2025, fungu litanywea. Haifai familia ipande mahindi ikitegemea malipo ya Januari halafu Januari isije. Kwa hiyo msianze kabla ya kuwa na fedha ya malipo yote mawili benki, imefungwa kwa jina la vijiji hivyo. Kama inatosha familia 1,000 tu, anzeni na 1,000.

Wenye visima na madarasa wasinichukie. Nusu ya fungu bado ni yao, na ile asilimia 15 ya mrabaha inayokwenda kwa sekta na sheferi inaweza kujenga mengi ikionekana. Pesa mkononi haitamlipa muuguzi mshahara, haitajenga daraja juu ya mto Lualaba. Naomba tu tusiendelee kudhani kwamba familia isiyo na unga itashiba kwa kutazama ukuta mpya.

Maombi yangu kwa mwaka huu ni haya. Chagueni vijiji vya sekta moja, karibu na mgodi unaolipa vizuri. Katika vijiji vinavyofanana navyo ambavyo bado havijafikiwa, hesabuni mambo yale yale: magunia yaliyovunwa, watoto waliobaki darasani mwezi wa Februari, wanawake waliojifungua salama. Chuo Kikuu cha Kolwezi kina vijana wanaoweza kazi hiyo, wanaojua lugha za huko na wasiohitaji hoteli. Mwaka wa pili, leteni hesabu hizo mbele ya watu, nzuri au mbaya, na vijiji vilivyongoja vipate zamu yao.

Na kabla ya yote hayo, itisheni mkutano mmoja Luilu, siku ya soko, kwa Kiswahili, mkawasomee wakulima ni kiasi gani kampuni zao ziliuza mwaka uliopita na asilimia 0.3 yake ilikuwa dola ngapi. Mwezi wa Juni unafaa. Mavuno yameingia, watu wana nafasi, na Septemba bado haijafika.

Kwa heshima na matumaini,

Mkaaji wa komuni ya Dilala, Kolwezi